Kabla ya kununua kamera kubwa, hesabu kwanza giza lako

KILA Jumamosi yenye harusi, Kagarama hubadilika sura. Magari yaliyopambwa kwa riboni na maua hupanda na kushuka vilima vya umurenge huu wa Wilaya ya Kicukiro, kusini mwa Jiji la Kigali, mahema meupe husimamishwa nyuani, na popote alipo bibi harusi hawakosi vijana wawili watatu wenye kamera shingoni. Kwa vijana hao kamera ni jembe. Ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na ada ya watoto.

Kati ya watu wa kazi hiyo lipo swali moja lisilokwisha, nalo ni kama wakati umefika wa kuachana na kamera ndogo waliyoanzia na kuhamia kwenye fulu fremu. Anayeuliza huwa ameshaona picha za mwenzake mwenye kamera kubwa, pengine hata wateja wameanza kumuuliza anatumia kamera gani. Fedha zenyewe huwa hazipo mfukoni. Zipo kwenye ikimina, au zinasubiri mkopo. Akikosea kuchagua, atakuwa amefunga akiba ya mwaka mzima kwenye chombo ambacho hakikuondoa tatizo alilokuwa nalo.

Makala haya hayatamtajia msomaji kamera moja iliyo bora kuliko zote, kwa sababu haipo. Yanakusudia kumsaidia ajue kama ugonjwa alio nao unatibiwa na kamera kubwa, au una dawa nyingine ya bei nafuu.

Fulu fremu ni nini?

Ndani ya kila kamera ya dijitali kuna kipande chembamba kinachopokea mwanga unaopita kwenye lenzi na kuugeuza kuwa picha. Kipande hicho huitwa kihisi, na kinafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na filamu. Katika kamera ya fulu fremu, kihisi kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, sawasawa na picha moja ya ile filamu ya milimita 35 ambayo studio za mitaani zilitumia kwa miongo mingi.

Kipimo hicho kilienezwa na Wajerumani. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, alitengeneza kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema, na mwaka 1925 kampuni hiyo ikaanza kuiuza kwa jina la Leica. Tangu hapo milimita 36 kwa 24 zikawa ndiyo fremu ambayo nyingine zote hupimwa nayo.

Kamera ambazo vijana wengi huanza nazo, kama vile Canon 700D na 2000D au Nikon D3500 na D5600, zina kihisi kidogo zaidi kiitwacho APS-C. Kwa Nikon na Sony ukubwa wake ni takriban milimita 23.5 kwa 15.6, na kwa Canon ni takriban 22.3 kwa 14.9. Ukipiga hesabu ya eneo, fulu fremu ina milimita za mraba 864, wakati APS-C ya Nikon ina 367 hivi na ya Canon 332 hivi. Kwa maneno mengine, kihisi kikubwa kina eneo la mara 2.4 hadi 2.6 ya kile kidogo.

Ili kuelewa maana yake, tega sufuria na beseni uani wakati mvua inanyesha. Mvua ni moja na muda ni mmoja, lakini beseni litakusanya maji mengi zaidi kwa sababu mdomo wake ni mpana. Mwanga nao ni hivyo hivyo. Kihisi kipana hukusanya mwanga mwingi zaidi, na picha iliyokusanya mwanga mwingi huwa safi, yenye chenga chache.

Wapo wanaochanganya jambo hili na idadi ya megapikseli. Nikon D5600 ina megapikseli 24 na ni APS-C, na Sony A7 III nayo ina megapikseli 24 lakini ni fulu fremu. Idadi ni ileile, ila kila chembe katika ile kubwa ina nafasi zaidi ya kupokea mwanga. Na kwa kazi ya albamu, 24 zinatosha na kubaki. Ukurasa wa A4 uliochapishwa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi unahitaji megapikseli 9 tu.

Bei ilivyoshuka

Zamani mjadala huu haukuwapo, kwa sababu bei ilikuwa imeufunga. Mwaka 2002 Canon ilipotoa EOS-1Ds yenye megapikseli 11, bei yake ya kuzinduliwa ilikuwa karibu dola 8,000 za Marekani, bila lenzi. Mwaka 2005 ikaja Canon 5D kwa dola 3,299, ikafungua mlango kwa wapiga harusi wa nchi tajiri. Nikon iliingia uwanjani mwaka 2007 na D3, na mwaka 2008 ikatoa D700. Mwaka huohuo wa 2008, Canon 5D Mark II iliwapa wapiga picha video kamili ya HD ndani ya kamera ya picha, na kazi ya kurekodi harusi ikabadilika dunia nzima.

Mwaka 2013 Sony ilitoa A7, kamera ndogo isiyo na kioo ndani, kwa dola 1,699. Mwaka 2019 Canon RP ilizinduliwa kwa dola 1,299, Nikon Z5 ikafuata mwaka 2020 kwa dola 1,399, na Canon R8 mwaka 2023 kwa dola 1,499. Hizo ni bei za Marekani siku ya kuzinduliwa. Hadi mzigo ufike Kigali unaongezewa usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Pamoja na hayo, kilichokuwa ndoto mwaka 2002 sasa kimo ndani ya uwezo wa mtu anayejibana. Ndiyo maana swali limekuwa zito. Kitu kinapokaribia kufikika, ndipo kosa la kukinunua vibaya linapouma.

Saa 12 jioni

Kigali iko nyuzi mbili hivi kusini mwa ikweta. Jua huzama karibu saa 12 jioni mwaka mzima, na giza huingia haraka. Sasa angalia ratiba ya harusi yenyewe. Asubuhi kuna gusaba no gukwa, sherehe ya kuposa na kutoa mahari, ambayo mara nyingi hufanyika chini ya hema. Baadaye ni ibada, kisha picha za bustanini, halafu mapokezi ukumbini. Ikiwa ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi kuna Umuganda hadi saa 5, kwa hiyo mambo yote husogea mbele. Wageni wanapoanza kula na Intore wanapoingia kucheza, nje huwa kumeshakuwa usiku na ndani kuna taa za rangi zinazozunguka.

Hapo ndipo kamera ndogo huanza kulalamika. Mchezaji wa Intore akirusha kichwa na mugara wake ukapepea, ili asimame wazi kwenye picha unahitaji shata ya 1/500 ya sekunde. Mwanga hautoshi, kamera inapandisha ISO hadi 12,800, na picha inajaa chenga kama televisheni iliyokosa antena.

Kuna jambo jingine ambalo watengenezaji wa mifano ya matangazo hawalizungumzi sana, lakini mpiga picha wa hapa hukutana nalo kila wiki. Bibi harusi ana ngozi nyeusi na amevaa gauni jeupe au mushanana unaometa. Ukipima mwanga wa gauni, uso unazama gizani. Ukipima uso, gauni linaungua na kuwa karatasi nyeupe isiyo na nakshi. Kihisi kikubwa, kwa ISO ileile, huhifadhi zaidi pande zote mbili, hasa ukipiga kwa faili ghafi ya RAW, na hivyo unaweza kuuinua uso kwenye kompyuta bila kuuharibu. Kwa kazi ya namna hiyo, fulu fremu ina faida ya kweli, na inaonekana kwa macho.

Lenzi kwanza

Hata hivyo, kabla ya kukimbilia dukani, turudi kwenye mfano wa mvua. Kihisi ni beseni. Lenzi ndiyo inayoamua mvua inyeshe kwa nguvu kiasi gani.

Kamera nyingi za kuanzia huuzwa na lenzi ya milimita 18-55 ambayo, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake hufunguka hadi f/5.6 tu. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ndogo kabisa katika kila kampuni, hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi ya hiyo. Hebu tuweke namba hizo kando kwa kando:

Kubadili kihisi kutoka APS-C kwenda fulu fremu, kwa lenzi yenye tundu lilelile, kunaongeza mwanga mara 2.4 hadi 2.6.

Kubadili lenzi kutoka f/5.6 kwenda f/1.8, kwa kamera ileile uliyo nayo, kunaongeza mwanga karibu mara 10.

Kwa hiyo yule aliyekuwa akilazimika kutumia ISO 12,800 ukumbini, akifunga lenzi ya f/1.8 atashuka hadi ISO 1,250 hivi kwenye kamera yake ya zamani. Mwenzake aliyenunua fulu fremu mpya lakini akabaki na lenzi ya f/5.6 atabaki kwenye 12,800, na picha yake itafanana na ISO 5,000 ya kamera ndogo. Aliyetumia fedha kidogo amemshinda aliyetumia nyingi.

Ni kweli kwamba lenzi ya milimita 50 kwenye APS-C huona kama milimita 75 au 80, kwa hiyo ndani ya sebule iliyojaa wajomba na mashangazi inabana mno. Dawa yake ni milimita 35, kama ile Nikon DX 35mm f/1.8 ya mwaka 2009, ambayo kwenye kihisi kidogo huona karibu sawa na milimita 50. Fundi ambaye hajawahi kufanya kazi na lenzi ya aina hiyo bado hajaujua uwezo wa kamera anayotaka kuiuza.

Pale ambapo ukubwa hausaidii

Zipo kazi ambazo kamera kubwa haitampa mwenyewe faida anayoitarajia. Ya kwanza ni picha ya ukoo. Watu 30 wamepangwa safu tatu, na wote wanataka kuonekana wazi. Kihisi kikubwa, kwa fremu na tundu lilelile, hufifisha zaidi vitu vilivyo mbele na nyuma ya ulipolenga. Uzuri huo wa kufifisha mandhari ndio unaopendwa kwenye picha ya bibi harusi peke yake, lakini kwenye safu tatu unamfanya bibi wa nyuma apotee. Kile ulichokipata kwa f/5.6 kwenye kamera ndogo, kwenye fulu fremu utakipata kwa f/8 au zaidi. Ukifunga tundu hivyo, mwanga unapungua karibu nusu, na ile faida ya kihisi inaliwa yote. Kwa picha za namna hiyo, flashi nzuri iliyoelekezwa darini au kwenye mwavuli itafanya kazi kuliko kihisi chochote.

Ya pili ni michezo ya mchana. Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na mbio za kupambana na saa zilipanda mlima wa Nyanza, huku huku Kicukiro. Kwa mtu aliyesimama kando ya barabara kama ile, juani, APS-C ilikuwa na faida yake. Lenzi ya milimita 300 kwenye kihisi kidogo huona kama milimita 450, na huleta karibu mwendeshaji ambaye mwenye fulu fremu angelazimika kumnunulia lenzi ndefu na ghali zaidi.

Ya tatu ni picha ambazo mwisho wake ni simu. Mteja anayetaka picha 20 za kutuma kwa WhatsApp, zilizopigwa bustanini saa 9 alasiri, hatatambua kihisi gani kilitumika.

Gharama iliyojificha

Wengi hupanga bajeti ya kamera na kusahau kwamba lenzi zao hazitahama nao. Lenzi zilizotengenezwa kwa ajili ya APS-C hutoa duara dogo la picha, lisilofika kwenye kingo za kihisi kikubwa.

Kwa Canon, lenzi za alama ya EF-S haziingii kabisa kwenye fulu fremu za zamani zenye kioo kama 6D na 5D. Lenzi za EF, zilizoanza mwaka 1987, zinaingia kote, na kwa adapta hufanya kazi vizuri kwenye kamera mpya za R. Kwa Nikon, lenzi za DX huingia kwenye fulu fremu, lakini kamera hukata kingo na kutumia sehemu ya kati tu. Sony nayo hufanya hivyo kwa lenzi zake za E za APS-C. Matokeo ni kwamba kamera ya megapikseli 24 inageuka kuwa ya megapikseli 10. Utakuwa umelipia fulu fremu na kurudi nyuma ya pale ulipokuwa.

Mwenye lenzi za zamani za Nikon za aina ya AF-D anapaswa kujua pia kwamba kwenye kamera mpya za Z, kwa adapta ya FTZ, lenzi hizo hazijilengi zenyewe. Atazungusha kwa mkono, jambo ambalo si rahisi wakati maharusi wanatembea kuelekea altareni.

Halafu kuna lenzi ambayo wapiga harusi huiona kama mkate wa kila siku, 24-70 ya f/2.8. Ile ya Canon ya mfumo wa RF ilizinduliwa mwaka 2019 kwa dola 2,299. Hiyo ni zaidi ya bei ya kamera ya R8 yenyewe. Kwa upande wa Sony, kampuni ya Tamron ilitoa mwaka 2018 lenzi ya 28-75 f/2.8 kwa dola 799, na wingi wa lenzi za kampuni nyingine ni moja ya sababu zilizowafanya wengi wahamie huko. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya kamera, uliza bei ya kamera pamoja na lenzi mbili utakazozihitaji. Jumla hiyo ndiyo bei halisi.

Kadi mbili

Kuna kigezo kimoja ambacho kwa mpiga harusi kina uzito kuliko kihisi, nacho ni idadi ya nafasi za kadi za kumbukumbu. Kamera yenye nafasi mbili huandika kila picha mara mbili kwa wakati mmoja. Kadi moja ikifa, ya pili ipo. Kamera za kuanzia huwa na nafasi moja, na baadhi ya fulu fremu za bei ya chini nazo zina moja tu: Canon 6D, RP na R8 ziko katika kundi hilo, pamoja na Nikon Z6 ya kwanza ya mwaka 2018. Nikon D750, Nikon Z5, Sony A7 III, Canon 5D Mark III na Canon R6 zina mbili.

Hapa Rwanda jambo hili halihitaji maelezo marefu. Katika Jumba la Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari la Gisozi, lililofunguliwa mwaka 2004, kuna ukuta baada ya ukuta wa picha zilizoletwa na familia za waliouawa mwaka 1994. Ni picha za kawaida za nyumbani, za harusi, za ubatizo, za mtu amesimama mbele ya nyumba yake. Nyingi zilipigwa kwa kamera ndogo na zimekwaruzika. Anayezitazama hahesabu chenga. Anashukuru kwamba zipo.

Mpiga picha anayepoteza kadi ya harusi amepoteza kitu ambacho hawezi kukirudisha kwa kurejesha fedha za mteja. Kijana akiwa na uwezo wa kununua fulu fremu yenye kadi moja, au kubaki na APS-C yenye kadi mbili kama Nikon D7200 au D7500 ya jirani yake, na aangalie vizuri. D7200 ya mwaka 2015 ina nafasi mbili, lakini D7500 ya mwaka 2017 iliyoifuata ina moja. Upya wa kamera si hakikisho la kila kitu.

Mitumba nayo ina hesabu zake

Kwa kuwa kampuni zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo, zile zenye kioo zinapatikana kwa bei nafuu mikononi mwa watu. Canon 6D na 5D Mark III, zote za mwaka 2012, pamoja na Nikon D750 ya mwaka 2014, bado zinatoa picha ambazo hakuna mteja atakayezikataa.

Lakini shata ni kama injini ya pikipiki, ina kilomita zake. Shata ya 6D imepimwa kwa mapigo 100,000, na za 5D Mark III na D750 kwa 150,000. Mpiga harusi anayepiga picha 1,500 kwa harusi moja, harusi mbili kwa mwezi, anamaliza mapigo 36,000 kwa mwaka. Akinunua 6D iliyokwishapiga 80,000, atafika kwenye kipimo hicho ndani ya miezi saba. Haina maana kwamba itakufa siku hiyo, ila fedha ya fundi iwe imetengwa. Muuzaji asiyetaka kukuonyesha idadi ya mapigo, mwache na kamera yake.

Unapokagua, piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone kama kuna madoa. Jaribu nafasi zote za kadi. Jaribu kila kitufe. Omba risiti na namba ya kamera, kwani kamera ya wizi itakuletea polisi kabla haijakuletea wateja. Na ukiagiza mpya kutoka Dubai au kwingineko, uliza kwanza kama dhamana yake inatambulika huku.

Kwa wanaopenda zile mpya zisizo na kioo, kuna tahadhari moja. Zinaweza kupiga kimyakimya, jambo linalowafurahisha mapadri na wachungaji, lakini chini ya taa za umeme shata hiyo ya kimya inaweza kuchora mistari kwenye picha. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Kwenye ukumbi wenye taa za namna hiyo, tumia shata ya kawaida, na ukiweza shikilia 1/50 au 1/100.

Mkopo na kalenda

Mpango wa Umurenge SACCO ulipoanza takriban mwaka 2009, kila umurenge ulipata chama chake cha kuweka na kukopa, Kagarama ikiwemo. Si vibaya kukopa kwa ajili ya chombo cha kazi. Kibaya ni kukopa bila kuangalia kalenda. Aprili 7 taifa huingia katika kumbukumbu, na wiki ile haina sherehe. Kabla yake kuna Kwaresima, ambayo Wakatoliki wengi hawaoani. Kipindi cha kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, ndicho chenye kazi nyingi. Rejesho la mkopo, kwa upande wake, linadaiwa kila mwezi bila kujali ngoma wala maombolezo.

Kwa hiyo piga hesabu ya faida inayobaki kwa harusi moja baada ya usafiri, msaidizi na uchapishaji. Gawa bei nzima ya kamera, lenzi, kadi na betri ya akiba kwa faida hiyo. Ukikuta ni harusi 8, na una hakika nazo, jambo linazungumzika. Ukikuta ni harusi 30, na bado hujapata hata 10 za kuahidiwa, kamera itakuwa imekuajiri wewe.

Ipi sasa?

Njia rahisi ya kufikia uamuzi haigharimu kitu. Fungua kwenye kompyuta picha 200 za mwisho ambazo wateja walizichagua wenyewe. Kila picha hubeba ndani yake taarifa za ISO, tundu la lenzi na shata. Zihesabu. Kama nyingi ni za ISO 100 hadi 1,600, tatizo lako si kihisi, na kamera kubwa haitabadilisha kazi yako. Kama nyingi ni ISO 6,400 na zaidi, angalia tundu. Likiwa f/4 au f/5.6, nunua lenzi. Likiwa tayari f/1.8 au f/2.8 na bado ISO iko juu, basi umefika kwenye ukingo wa kile kamera yako inachoweza, na fulu fremu itakufaa.

Ukifikia hapo, kodi moja kwa harusi moja kabla ya kununua. Piga nayo ukumbini usiku, chapisha picha mbili kubwa, moja ya kamera yako na moja ya ile ya kukodi, uwaonyeshe wateja bila kuwaambia ipi ni ipi. Wakionyesha ile ya kukodi wote kwa pamoja, umepata jibu. Wakibishana, nalo ni jibu.

Na siku ukiinunua, usiiuze ile ndogo kwa haraka. Bei utakayopewa itakuwa ya kusikitisha, na harusini kamera ya pili iliyo begani ina thamani kuliko noti hizo chache. Siku shata ya ile kubwa itakapogoma katikati ya viapo, ndiyo itakayomaliza kazi. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.